Maswali yenu: saratani, kromosomu na wauza "kinga"

Wiki hii ni saratani tupu. Yale ya "je, ndimu inatibu kansa?" nimeyapita. Jibu ni lilelile la mwezi jana: haitibu.

Nimeuziwa unga wa kuongeza kinga. Nimeambiwa kinga ikipanda, saratani ya titi inakufa. Ninywe vijiko vingapi?
*Msomaji, Mbagala*

Sifuri. Na huyo aliyekuuzia mwulize anapandisha kinga ipi. Kinga si maji ya tangi useme leo yamefika nusu, kesho yajae. Ni ishara chungu nzima, hii inawasha, ile inazima, na zipo zinazoilisha saratani yenyewe. Soma jibu linalofuata.

Mwanangu yuko kidato cha sita. Anauliza: kama kromosomu za seli ya saratani zimevurugika hivyo, mbona kinga haioni?
*Mzazi, Nakuru*

Mpe hongera, kawashinda wakubwa wote walioniandikia. Jibu ni kwamba inaona.

Kabla seli haijagawanyika, kromosomu zake 46, yaani vifurushi vya DNA vyenye maelekezo ya seli, hunakiliwa, kisha nakala huvutwa pande mbili. Katika saratani nyingi mvuto huo una kasoro, na mara kromosomu moja inabaki nyuma. Paka seli rangi inayoonyesha DNA, itazame kwenye hadubini: kiini kikubwa kipo, na pembeni yake kuna kiduara kidogo. Hicho ndicho kromosomu iliyoachwa, imejivika utando wake peke yake. Utando huo ni dhaifu, hupasuka, na DNA inajikuta nje, mahali isipotakiwa kabisa.

Huko nje ipo protini iitwayo cGAS, iliyotambuliwa mwishoni mwa 2012 na maabara ya Zhijian Chen kule Dallas. Kazi yake ni kugundua DNA ya virusi, lakini haibagui. Ikikutana na DNA, hata ya seli yenyewe, hutengeneza kemikali inayoiamsha protini nyingine, STING, nayo huagiza interferoni, protini inayopiga king'ora cha kuiita kinga. Mwaka 2017 timu mbili za watafiti zilionyesha cGAS ikirundikana kwenye viduara hivyo vilivyopasuka. Kwa hiyo hatari inaonekana na ishara inatolewa.

Shida ni nani anayeitumia. Mwaka 2018 Samuel Bakhoum, Lewis Cantley na wenzao walionyesha kuwa saratani zenye kromosomu zisizotulia huishi na ishara hiyo muda wote. Upande wa interferoni huunyamazisha, kisha hutumia upande mwingine, wa NF-kB (protini inayowasha jeni), kusambaa mwilini. Mwaka 2022 watafiti wa Groningen, Uholanzi, wakaongeza lao: seli za saratani ya titi za aina hiyo, zikinyang'anywa cGAS au STING, hushindwa kuishi, kwa sababu zinategemea ishara ya IL-6, protini ya kinga ya kupelekeana ujumbe, inayotokana na cGAS na STING. Walipoiziba IL-6 kwa tocilizumab, dawa ya baridi yabisi, uvimbe kwenye panya ulikua polepole zaidi. Mwenye unga wa Mbagala airudie sentensi hiyo. Kilichoiumiza saratani hapo ni kuzima ishara ya kinga, siyo kuiongeza.

Basi si watengeneze dawa ya kuiwasha STING kwa nguvu?

Walishatengeneza. DMXAA ilifanya maajabu kwa panya, ikaanguka kwenye majaribio makubwa ya wagonjwa wa saratani ya mapafu. Mwaka 2013 sababu ikajulikana: inaishika STING ya panya, ya binadamu haiishiki. Zikafuata nyingine zinazoishika ya binadamu, zikadungwa moja kwa moja kwenye uvimbe, na matokeo yakawa hafifu. Mnaponitumia zile habari za "tiba ya saratani yapatikana", tazameni kwanza aliyepona ni nani. Panya amepona saratani mara nyingi mno.

Binti yangu ana hali ya Down, kromosomu 47. Ndiyo saratani hiyo?

Hapana. Yake ni kromosomu moja ya ziada, ileile, imetulia. Kwenye saratani idadi hubadilika seli zinapoendelea kugawanyika. Ila watoto hawa wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya damu. Akipauka au akivilia damu ovyo, apimwe damu mapema. Saratani ya titi huwapata mara chache kuliko wengine.

Simu inavunja kromosomu?

Mawimbi yake hayana nguvu hiyo. Jua la mchana ndilo linaloharibu DNA ya ngozi, hasa kwa wenzetu wenye ualbino, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kofia.

Mama yuko kwenye dripu ya paclitaxel. Nimesoma kuwa inavuruga kromosomu. Jirani anasema aache, atumie mitishamba.
*Msomaji, Tanga*

Umesoma sawa, jirani kakosea. Dawa hiyo hushika nyuzi zinazovuta kromosomu, mgawanyiko ukaharibika kiasi ambacho seli haiwezi kukivumilia. Vurugu kidogo huinufaisha saratani, ikizidi huiua. Asiache. Mitishamba asichanganye bila daktari wake wa saratani kujua, maana baadhi huingilia jinsi ini linavyoivunja dawa.

Hukuuliza, lakini nunua kipimajoto. Dripu hizo hushusha chembe nyeupe za damu. Homa ikifika 38, usimpe Panadol mkalala kusubiri kliniki ya Jumatatu: mpeleke hospitali usiku huohuo, na ukifika mlangoni sema kwanza kwamba yuko kwenye dawa za saratani.