Muuza makala alinipita

Niliposema nyumbani kwamba nimejiandikisha kuendesha baiskeli kilometa 60, kutoka mjini kwetu Lubumbashi, Kongo, hadi Kipushi na kurudi, ili kuchangia madawati ya shule moja ya msingi huko Katuba, mume wangu aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mama, wewe na kinga?" Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na kwa akili za wengi hapa mjini kinga ni ya muuza makala, yaani mkaa. Mwanamke wa miaka 43, mwalimu, aliyezoea kikwembe, yaani kitenge, anaitafutia nini?

Basi nikaazima moja kwa shemeji yangu na kuanza mazoezi. Nilikuwa na wiki sita. Siku ya kwanza nilikwenda kilometa nane nikarudi natetemeka magoti. Nilifikiri ni uzee. Kumbe ni kiti. Fundi mmoja wa pembeni mwa barabara, komini ya Kenya (sehemu ya mji wetu, si ile nchi), alinitazama nikipita mara moja tu akaniita: "Mama, unakaa kama uko kwenye kigoda." Akaniambia nikae juu ya kiti, niweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Alipandisha kiti upana wa vidole vinne, akakataa pesa. Maumivu yaliisha wiki ileile. Kabla ya kununua chochote, pima kiti.

Sikununua vingi hata hivyo. Kofia ngumu, ndiyo, usibishane nayo. Mpira wa ndani wa akiba, viraka na gundi yake, pampu ndogo. Na ujifunze kuziba pancha ukiwa nyumbani, umekaa, chai iko karibu, maana malori ya madini hayatakusubiri pembeni mwa barabara. Upepo wa tairi nao una kipimo chake: kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Miaka yote nilidhani zile ni namba za kiwanda.

Kuhusu nguo nitasema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Mshono wa nguo ya ndani, baada ya saa mbili kwenye kiti, unakuwa kisu. Vaa suruali ya kubana isiyo na mshono mnene katikati, na upake vazelini kabla ya kutoka. Dada zangu wanaoogopa maneno ya watu kwa sababu ya suruali: watu watasema siku moja, kidonda kitasema wiki nzima.

Siku yenyewe ilikuwa Julai. Wasioijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Kiangazi chetu asubuhi hushuka chini ya nyuzi 10, na vidole vinakataa kushika breki. Vaa glavu na koti unaloweza kulifunga kiunoni jua likipanda. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, ngoma zinalia, vijana wanapiga filimbi, na mimi sifa zikanipanda kichwani. Nilikimbiza vijana wa miaka 20. Kipushi nilifika nikiwa miongoni mwa wa kwanza, nikapigwa picha, nikanywa maji, nikageuza baiskeli bila kula. Sikuwa na njaa, au ndivyo nilivyodhani.

Njaa ya baiskeli haianzii tumboni. Njiani kurudi, miguu ilizimika kama taa ya umeme wetu, bila kuaga. Mikono baridi, kichwa chepesi, hasira bila sababu. Mwili unabeba akiba ya sukari ya saa moja na nusu au mbili hivi za kazi nzito, na mimi nilikuwa nimeimaliza kwa sifa.

Hapo ndipo muuza makala aliponipita. Magunia matatu nyuma, yamefungwa kwa kamba za mpira, baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja. Mbele kidogo palikuwa na mwinuko. Akashuka, akaanza kusukuma kwa utulivu. Nami nikashuka, kwa aibu. Akaniuliza, "Mama, umekula?" Nikamwambia asubuhi, chai. Akatikisa kichwa, akatoa mfukoni kiazi kitamu kilichochemshwa, akakivunja nusu. Yeye hula kidogo kidogo njia nzima, alisema, kabla ya kusikia njaa. Na mlima haupandi akiwa juu ya kinga, anashuka na kusukuma. Dakika 20 baadaye nilikuwa na miguu tena. Sasa kila nusu saa natafuna kitu: ndizi, kiazi, hata kipande cha bukari, yaani ugali, baridi chenye chumvi. Maji, chupa ya nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwaka. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kilichochachuka, subiri hadi umefika.

Lakini niwaambie ukweli: barabara haikuwa sehemu ngumu. Ngumu ilikuwa daftari.

Nilipita kwa majirani, kwaya, walimu wenzangu, nikiandika ahadi. Huyu franki 5,000, yule 10,000, "ukimaliza tu, yaya", yaani dada. Nilimaliza. Nikatumia karibu miezi miwili kudai, na robo ya ahadi haikuonekana kamwe. Ahadi ni deni, lakini mdai anayeomba kwa ajili ya madawati ya watoto wa wengine hana meno. Safari ya pili nilibadilisha: pesa kwanza, kwa simu au mkononi, jina linaandikwa baada ya pesa kuingia. Ukikutana na mtu siku ya mshahara, muombe kidogo papo hapo; 2,000 ya leo inashinda 20,000 ya "tutaonana". Na mwambie dawati moja linagharimu kiasi gani na watoto wangapi watalikalia. Watu huchangia dawati kwa urahisi zaidi kuliko "shule".

Kuna baba mmoja wa mtaani kwetu aliyeahidi 20,000 mwaka ule wa kwanza. Mpaka leo akiniona na baiskeli anavuka barabara. Jina lake nimelihamishia daftari jipya, ukurasa wa kwanza, na kalamu nyekundu.