Chaja "isiyo na waya" ina waya wake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka dogo la simu hapa Tanga, na sasa nauza chaja zile za kulaza simu juu. Juzi nilisoma habari yenye kichwa "Mustakabali wa uchajishaji usio na waya na simu mahiri zisizo na bandari". Nimecheka, lakini nilipotaka kuandika bango langu nami nikakwama. Niandike chaja isiyo na waya, chaja pasiwaya au kuchaji bila waya? Na hizo simu wanazosema zitakuja bila sehemu ya kuchomeka, tuziiteje? Halafu mwanangu wa darasa la sita ananiambia "simu inachaji" ni kosa, eti ni "inachajiwa", na "simu imeisha chaji" ndiyo mbaya kabisa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Tuanze na bandari, kwa kuwa uko Tanga na bandari unaijua. Neno la Kiingereza "port" limezaliwa na maneno mawili ya Kilatini ambayo kwa kupita miaka yamekuja kufanana: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Sehemu ya kuchomekea kwenye simu imetoka upande wa lango. Aliyetafsiri habari yako, au mashine iliyomtafsiria, alishika neno la kwanza alilokutana nalo akaondoka nalo. Kinachonifurahisha ni kwamba "simu" na "bandari" yote mawili tumeyapata kwa Waajemi, kwa hiyo bwana huyo amepanga Kiajemi juu ya Kiajemi bila habari.

Wapo wanaoikwepa bandari wakakimbilia "mlango", kama mlango wa USB. Si kosa la kumgombeza mtu. Ila mlango kwa Kiswahili hupitwa: unaingia, unatokea upande wa pili. Waya wa chaji haupiti kokote, unachomekwa na kubaki hapo mpaka uchomolewe. Kwa nafasi ya namna hiyo tunalo tundu. Tundu la kifungo, tundu la ufunguo, tundu la sindano, yote ni nafasi ndogo zilizowekwa makusudi ili kitu fulani kiingie. Tobo ni jambo jingine. Tobo hutokana na kutoboka, na ukimwambia mteja kwamba simu hii haina tobo atadhani unamhakikishia kuwa haijaharibika. Basi ni tundu la chaji, na wingi wake matundu ya chaji.

Mafundi wa Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo wana lao: "sistimu chaji". Mpelekee fundi simu ambayo mpaka uukunje waya na kuuegemeza kwenye kikombe ndipo alama ya umeme itokee. Hatakwambia tundu limelegea, atakwambia sistimu chaji imekufa. Nami simsahihishi, maana mara nyingi anachobadilisha si tundu peke yake, ni pamoja na kile kibao kidogo cha saketi kilichoungana nalo. Neno lake linataja kazi yake.

Sasa hizo simu. Usiandike "simu isiyo na tundu" ukaishia hapo. Januari 2019 kampuni ya Meizu ya China ilionyesha simu iliyoiita Zero. Haikuwa na tundu la chaji, haikuwa na la hedifoni, haikuwa na mahali pa kuingizia laini, hata vitufe vya pembeni havikuwapo, na sauti ilitokea kwenye kioo chenyewe. Lakini vitundu viwili vilibaki: kimoja cha maikrofoni, kingine cha kuiwashia upya ikigoma. Hata simu iliyojiita sifuri ilikuwa na matundu mawili! (Walipotafuta michango mtandaoni kuitengeneza, lengo likiwa dola 100,000, hawakufika hata nusu.) Simu inayosikia sauti yako lazima iwe na pa kuipokelea. Kwa hiyo litaje tundu lenyewe: simu isiyo na tundu la chaji, wingi simu zisizo na tundu la chaji.

Na usidhani kutokuwa na tundu ni sawasawa na kuchaji bila waya. Mwezi huohuo Vivo walionyesha simu yao ya majaribio, Apex 2019, nayo haikuwa na tundu, lakini ilichajiwa kwa waya: waya wenye sumaku ulionata mgongoni mwa simu. Ukichanganya maneno hayo mawili, utashindwa kumweleza mteja simu kama ile.

Tuje kwenye waya, maana hapa ndipo penye mzozo hasa. Chukua chaja moja katika hizo zako uifungue. Ndani utakuta koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde unapita humo na kuzalisha nguvu ya sumaku. Mgongoni mwa simu, ndani ya kava lake, kuna koili ya pili, na ile sumaku inayobadilikabadilika inazalisha umeme ndani yake. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, si jambo la jana. Kisha ubavuni mwa chaja unatoka waya mwingine mrefu unaokwenda kwenye soketi ya ukutani. Waya tatu hizo. Ya nne iko kwenye jina: "simu" asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya.

Ndiyo maana sikupi ruhusa ya "chaja isiyo na waya". Maneno "isiyo na" yanaeleza nomino, yaani kitu chenyewe kilivyo, na kitu hiki kina waya unaoonekana kwa macho. Mteja mkorofi atakurudia nayo mkononi: mbona uliniambia haina waya? Lakini "bila waya" hueleza kitendo. Kuchaji bila waya ni kuichaji simu pasipo kuunganisha waya wowote kwenye simu, na hilo ni kweli tupu. Kitendo ni bila waya, kitu kina waya. Ukilishika hilo hutakosea tena.

Wengine, wakitaka kuonekana wasomi, huandika "kuchaji isiyo na waya". Hilo ni kosa la wazi la upatanisho. Kitenzi-jina huchukua ku-, kwa hiyo ingekuwa kuchaji kusiko na waya. Ni sahihi lakini linachosha ulimi, na "bila" ipo inakusubiri. Kuhusu "uchajishaji" sina la kusema zaidi ya kwamba sijamsikia mtu mwenye simu inayokaribia kuzima akilitamka.

"Pasiwaya" nalitetea. "Pasi" ni neno la siku nyingi, tunasema pasi na shaka, pasi kujua, na muungano wake na waya umekaa vizuri kwenye vitabu na mitaala: mtandao pasiwaya, mawasiliano pasiwaya. Kwenye bango la dukani, hata hivyo, jicho la mpita njia litaona pasi ya nguo kabla halijafika kwenye waya. Liache kwa walimu. Na usijaribiwe na "chaji ya hewani". Wazee wetu waliita redio za mawasiliano simu ya upepo, na jina lilifaa kwa sababu sauti ilivuka milima. Hizi chaja zako hazivuki hata kimo cha kikombe: inyanyue simu kidogo, chaji imekata. Xiaomi walitangaza mwaka 2021 kifaa cha kurusha umeme mita kadhaa chumbani. Siku kitu cha namna hiyo kitakapofika dukani kwako, jina la hewani litakuwa na mwenyewe.

Chaja yenyewe basi iite kibao cha kuchajia, au chaja ya kulaza simu kama ulivyoiita wewe mwenyewe kwenye swali lako kabla hujaanza kuogopa. Hilo la pili nalipenda zaidi, linamwonyesha mnunuzi matumizi. Jihadhari kidogo na "chaja ya sumaku". Zinazofuata Qi2, kiwango cha kuchaji bila waya kilichotangazwa mwaka 2023 kwa kufuata MagSafe, yaani chaji ya sumaku ya Apple, zina sumaku kweli, na zinaishika simu ili koili zikutane sawasawa, maana zikipishana umeme mwingi unaishia kuwa joto. Lakini sokoni kuna pia waya wa kawaida wenye ncha ya sumaku, na mteja akikuuliza chaja ya sumaku, muulize kwanza anataka ipi. (Qi hutamkwa "chi". Ni neno la Kichina.)

Kuna jambo moja ambalo watafsiri hawaliangalii. Kiswahili cha kila siku kilikuwa tayari kwa chaja hizi kabla hazijafika. Tunasema "niwekee simu chaji", "simu iko chaji", na pwani "tia simu chaji". Hakuna waya wala tundu katika maneno hayo. Bibi ambaye hajawahi kuziona akiambiwa aiweke simu chaji kwenye kibao ataelewa mara moja. Kitakachopotea, tundu likiondoka, ni jozi ya chomeka na chomoa. "Nichomolee simu yangu" itabidi iwe "niondolee" au "nitolee". Nami sioni kama iko karibu kupotea, maana hata iPhone Air ya Septemba 2025, simu nyembamba ya milimita 5.6, ilitoka na tundu lake la USB-C.

Sasa kijana wako na mwalimu wake. "Simu inachajiwa" ni sahihi, hasa mtendaji au chombo kikitajwa: simu inachajiwa na sola. Lakini "simu inachaji" nayo ni sahihi. Tunavyo vitenzi vinavyokwenda pande mbili bila kubadilika: mwalimu ameanza somo, na somo limeanza, dereva amepaki gari nje, na gari limepaki nje. Kuchaji kumeingia katika kundi hilo, na watumiaji wamelipitisha siku nyingi. "Inajichaji" ndiyo ya kukataa, isipokuwa kwa kitu kinachojitafutia umeme chenyewe, kama saa ya mkononi inayotumia mwanga wa jua. Simu iliyolazwa kwenye kibao haijichaji hata kama haijachomekwa popote. Kuna mtu ameilaza, na kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, nyumbani inayohesabu.

Umbo ambalo hatulitumii vya kutosha ni "chajika". Hilo linataja uwezo: simu hii inachajika bila waya, ile haichajiki. Dukani ndilo unalolihitaji kuliko yote, maana mteja hakuulizi simu inafanya nini sasa hivi, anakuuliza inaweza au haiwezi. Na uone lilivyo na uzito. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2022 kwamba simu zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C, na kwa simu ikaanza kufanya kazi tarehe 28 Desemba 2024. Apple walishahama tangu iPhone 15 ya mwaka 2023. Watu wakauliza: je, simu isiyo na tundu lolote la chaji imepigwa marufuku? Haijapigwa, kwa sababu sheria imefungwa kwa vifaa vyenye uwezo wa kuchajiwa kwa waya. Kwa Kiswahili chetu, ni simu "zinazochajika kwa waya", basi. Simu isiyochajika kwa waya haimo. Kesi nzima iko kwenye -ika.

Bango lako ningeliandika hivi: CHAJA ZA KULAZA SIMU. KUCHAJI BILA WAYA. ULIZA KAMA SIMU YAKO INACHAJIKA. Huo mstari wa tatu usiuache, utakupunguzia ugomvi, kwa sababu simu nyingi za bei ya kawaida hazina ile koili ya mgongoni.

Kuna kimoja hukuniuliza, lakini wateja watakuuliza. Simu zinazoweza kuilaza nyingine mgongoni na kuipa umeme zipo tangu Huawei Mate 20 Pro ya mwaka 2018. Hapo "simu inachaji" itakuwa na utata, inachaji au inachajiwa? Sema "inagawa chaji". Tulishazoea kuombana, nigawie chaji kidogo, na sasa ombi limepata kifaa chake.

Mwisho, "simu imeisha chaji". Mtoto ana hoja: kilichoisha ni chaji, simu ipo mezani. Lakini mwulize kama Juma akianguka mpirani atasema "mguu wa Juma umevunjika" peke yake, au pia "Juma amevunjika mguu". Atakubali yote mawili. Kiswahili kikiona kitu na sehemu yake, humruhusu mwenye sehemu akae mwanzo na kubeba kitenzi, na sehemu ikafuata nyuma: amekatika kidole, amepasuka kichwa, gari limepasuka tairi, simu imeisha chaji. Mwalimu wake akitaka "chaji ya simu imeisha" kwenye mtihani, mwanao aandike hivyo apate alama zake.