Meli ya babu inatoa unga, nipake vanishi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu yangu alikuwa baharia wa MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, na meli ilipofanyiwa yale matengenezo makubwa ya miaka ya 70 akaokota vipande vya mbao za sitaha vilivyokuwa vinatupwa, akachonga Liemba ndogo kwa kisu na patasi tu. Babu ameshatangulia, nimebaki nayo mimi hapa Ujiji. Sasa kila asubuhi nakuta unga unga wa mbao mezani chini yake, fundi wa mtaani anasema nimpe apige msasa na vanishi itakuwa mpya kabisa. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, nakuomba sana. Huo unga ni wadudu wako ndani wanatafuna na vanishi inakaa juu, kwahiyo utakuwa na meli inayong'aa huku inaliwa. Msasa ndo mbaya zaidi, unafuta alama za kisu cha babu, na yale matundu ya misumari yenye weusi wa kutu ambayo fundi anayaona uchafu, hayo ndo ushahidi kwamba ubao ulitoka melini, ukiyafuta umebaki na pambo la sebuleni.

Fanya hivi. Ifunge kwenye nailoni mara mbili, hewa yote itoke, gundisha vizuri, halafu omba nafasi kwa wenye friza za samaki pale Kibirizi, ile friza ya kulala inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, ikae wiki mbili. Ukiitoa usifungue! Iache kwenye nailoni mpaka ubaridi wote uishe, siku nzima, maana ukifungua mapema inashika umande na mbao inavimba. Baada ya hapo ni brashi laini tu, na iweke mbali na dirisha la jua.

Halafu chukua futi uipime. Liemba yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10, ya babu ikiwa sentimita 71 kwa 10 ujue alifanya kila mita sentimita moja, hakukisia. Na uangalie mbele, kuna mzinga? Kama upo basi babu alichonga Goetzen, jina la kwanza la meli hiyo hiyo, iliyoundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa ikaletwa vipande vipande kwa meli mpaka Dar, kisha kwa reli mpaka hapo Kigoma, ikashushwa ziwani Februari 1915, mzinga wa vita ukafungwa baadaye. Julai 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe, ila mafundi walishapaka injini grisi nene, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Babu yako alifanya kazi juu ya meli iliyowahi kukaa chini ya maji kwa miaka, bila shaka alilijua hilo wakati anachonga.

Niandikie umekuta nini pale mbele.