Vijana wa fildi, anzeni kusoma namba kutokea mwisho

Wiki hii kijana mmoja aliyeko kwetu kwa ajili ya fildi alinionyesha orodha ya majina na namba za simu aliyoichapa asubuhi nzima. Vidole vyake vina kasi kunizidi. Namba zote zilikuwa na tarakimu tisa. Excel, ile programu ya majedwali, imeila sifuri ya mwanzo mstari baada ya mstari, naye hakuona kwa sababu macho yalikuwa kwenye karatasi. Nilitaka kumkaripia. Nikanyamaza, nikatoka nje, nikasimama barazani nikitazama bajaji za Kabwe mpaka hasira ikapoa. Sababu ya kunyamaza iko namba tatu hapa chini.

Wadogo zangu, kila msimu mnafika steshenari hapa mkitaka kuwa mahiri wa kompyuta, na mnadhani umahiri ni kuchapa bila kuangalia kibodi, au kuwa na programu nyingi zilizovunjwa ulinzi. Mimi nikikuita mahiri, maana yake ni moja: nikikuuliza saa yoyote kompyuta imefanya nini na kile ulichokipa, unanijibu.

1. Bonyeza Ctrl+S kila unapoinua macho, maana umeme wa Mbeya haupigi hodi.

2. Jua faili lako liko wapi. "Nimelisevu ila silioni" si jibu la kumpa mteja aliyetoka Chunya na anawahi gari la kurudi. Mara nyingi umelifungua moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, ukalisahihisha lilelile, nalo likahifadhiwa kwenye folda ya muda ambayo hujawahi kuifungua maishani. Lipakue kwanza, ndipo ulihariri. Likiwa na tarehe, anza jina na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yatajipanga yenyewe.

Na flashi! Mwalimu kaleta flashi yenye mitihani ya darasa zima, wewe unafungua unaona njia za mkato (shortcut) tu, si mafaili yenyewe, unasema ni tupu, unataka kuiformati. Ngoja. Kabla hujagusa kitu, angalia nafasi iliyotumika. Flashi ya GB 8 inayoonyesha GB 5 zimejaa si tupu hata kidogo. Virusi vimeyaficha mafaili, havijayafuta. Isafishe kwa antivairasi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kama flashi yako ni F, na folda zitarudi. Mama mmoja mwalimu alilia mbele yangu kwa furaha siku hiyo, na kijana aliyetaka kuformati alikuwa amesimama pembeni. Sikumsema. Alijifunza kwa machozi yale kuliko ambavyo angejifunza kwa mdomo wangu.

3. Namba ndefu si namba. Hapa naomba mkae.

Nilikuwa na umri kama wenu. Chama kimoja cha wakulima wa viazi kule Umalila kilinipa kazi ya kuingiza wanachama wake kwenye Excel: jina, kijiji, simu, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Watu 412. Nilikaa siku tatu na fomu za karatasi, nikimaliza rundo naona fahari. Mnajua namba ya NIDA ina tarakimu 20. Niliziandika bila vistari ili niende haraka. Kila nikibonyeza Enter, namba inageuka kitu kama 1.9641E+19. Nikaona ni tatizo la sura tu. Nikachagua safu nzima, nikaiambia ionyeshe namba kamili bila desimali, nikapanua safu, na namba zikajitokeza ndefu na zimenyooka. Nikalinganisha chache na fomu: mwaka wa kuzaliwa sawa, mwezi sawa, siku sawa. Nikasevu. Jioni ileile nikazirudisha fomu, nikalipwa.

Baada ya wiki mbili katibu wa chama akanipigia. Mzee mpole, hakupandisha sauti. "Mwanangu, watu wangu wote wanaishia na sifuri tano?"

Nilifungua faili. Mstari wa kwanza, sifuri tano. Wa mia mbili, sifuri tano. Wa mwisho, sifuri tano.

Excel huitunza namba kwa biti 64, na ndani ya biti hizo inakuhakikishia tarakimu 15 tu. Ya 16 na kuendelea inaweka sifuri pale pale unapobonyeza Enter, bila onyo. Kupanua safu hakurudishi kitu, kwa sababu hakuna kilichofichwa, kimeshapotea. Na NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane, ndiyo maana mimi niliyekagua mwanzo tu niliona kila kitu kiko sawa.

Fomu zilikuwa zimeshagawanywa vijijini na nyingi hazikuonekana tena. Nikanunua daftari, nikapanda gari Mbalizi kwenda Ilembo. Ilikuwa Julai, na baridi ya Umalila mnaifahamu. Siku kumi na moja nilipita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi, shikamoo, naomba kadi yako tena. Wengine walikuwa mashambani, nikawafuata hukohuko kwenye matuta. Bibi mmoja aliitoa kadi kwenye kopo, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, akanisomea tarakimu mojamoja, halafu akanikaribisha viazi vya kuchemsha. Tukiwa tunakula akauliza, "Mjukuu wangu, kwani ile ya kwanza mliitupa?" Nilishindwa kumjibu. Alikuwa amenipa namba yake kwa imani, nami nimeitupa kweli, huku nikijiita mtaalamu.

Kinga yake ni sekunde tano: kabla hujaandika chochote, chagua safu uifanye ya maandishi (Text). Hiyohiyo inaokoa sifuri ya mwanzo wa simu.

4. Njia za mkato za kibodi jifunzeni, ni tamu. Kukopi na kupesti tunakopiga mara mia kwa siku kulitengenezwa miaka ya 1970 na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC kule Marekani, na Tesler maisha yake yote alipigania kompyuta ambazo mtu wa kawaida anazielewa. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows na V, uone vitu vya nyuma ulivyokopi. Ila kopi haraka kitu ulichokikagua. Na kutoka kwenye flashi kopi, usikate; ukikata na umeme ukazimika katikati, mtatafutana.

Daftari lile lipo bado, droo ya chini, jalada limeliwa na moshi wa jiko la bibi. Kijana wa namba za simu nimeshampa alisome. Jumatatu tunaanza orodha mpya ya wakulima: mmoja atasoma kadi, mwingine atasoma kioo, na mtaanzia tarakimu tano za mwisho.