Saa 8:00 ya programu na saa mbili ya mgonjwa

Ndugu, umesema programu yako ya miadi ya kliniki inaandika "8:00 asubuhi" na wagonjwa wanafika saa nane mchana. Hawajakosea. Kwetu saa nane ni 14:00, na tarakimu 8 ikikaa karibu na neno la Kiswahili, mtu anasoma Kiswahili.

Kwenye hifadhidata tunza muda kwa UTC tu, yaani saa ya kimataifa ya marejeo. Unapoonyesha, geuza kwa ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, ambao ni UTC+3 mwaka mzima. Kisha chukua saa ya mfumo wa 24, jumlisha 6, gawa kwa 12, ubaki na salio. Likiwa 0 andika 12. Hivyo 08:00 inakuwa "saa 2:00 asubuhi", na 18:00 "saa 12:00 jioni". Mimi ningeonyesha zote mbili: "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Mgonjwa asipotee kwa sababu ya nafasi ndogo kwenye skrini.

Tarehe nayo: kwenye Android, unapopanga muundo wa tarehe, alama ya mwaka iwe yyyy, si YYYY. Herufi kubwa ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki nzima inahesabiwa kwake, na 29 Desemba 2025 itasomeka 2026.