Real estate ni nini hasa? Mi nililielewa hilo neno nikiwa natazama matundu ya skrubu

Juzi dada mmoja kaniandikia, "Kaka, nina kiwanja kitupu, naweza kusema niko kwenye real estate au mpaka nijenge?" Nikacheka, halafu nikakumbuka yaliyonikuta mwenyewe, kicheko kikaisha.

Dada, umo tayari. Real estate ni ardhi pamoja na kilichoshikamana nayo: nyumba, ukuta, kisima, miti. Kiswahili tunasema mali isiyohamishika na kwa kweli jina letu linajieleza kuliko lao. Hiyo "real" wengi wanadhani ni "ya ukweli" kumbe asili yake ni Kilatini, res, yaani kitu, maana kwenye sheria ya zamani ya Uingereza ukinyang'anywa ardhi ulikuwa unadai kitu chenyewe kirudi, sio fidia. Na Wamarekani wakisema real estate wanaingiza humo humo na biashara yake, kununua, kuuza, kupangisha.

Sasa mimi. Nyumba yangu ya kwanza niliikagua mara tatu, makabati ya jikoni nikayafungua moja moja kama mwenye mali. Siku ya funguo naingia, ukutani matundu ya skrubu manne manne na rangi mpya pale kabati lilipokuwa limeifunika, kwenye dari waya unaning'inia. Nampigia muuzaji, ananijibu kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nilikuuzia nyumba, vile ni vyombo vyangu." Nafungua mkataba, neno kabati halipo!

Baadaye ndo nikaja kujua wanasheria huwa wanaangalia kitu kimeshikamana kiasi gani na kiliwekwa kwa nia gani. Kabati lililofungwa ukutani mara nyingi linahesabika ni nyumba, friji la kuchomeka mtu anaondoka nalo. Kwa hiyo nilikuwa na hoja, ila kesi ingekula hela kuliko hayo makabati, nikameza. Inaniuma mpaka leo, sifichi.

Basi jamani orodhesheni. Kinachobaki kiandikwe, kinachoondoka kiandikwe, mkimaliza orodhesheni tena. Mnajiita watu wa real estate kwenye wasifu wenu halafu mkataba mnasaini mmesimama mlangoni, acheni hizo!

Nyumba ya pili orodha yangu ilikuwa kurasa mbili. Muuzaji alipofika kwenye "kitasa cha mlango wa choo" akanitazama, akacheka sana, nikamsogezea kalamu.