Kufungasha programu ya MUSE kwa wanafunzi wa Mbarara
Ndugu, ulitaka pakeji moja ya kuchakata data za MUSE (kifaa cha darubini ya VLT huko Chile kinachotawanya mwanga wa nyota na galaksi) ifanye kazi kwenye kompyuta zote za darasa lenu hapo Mbarara. Usianze na programu yenyewe. Anza na CPL, maktaba ya msimbo ya ESO (shirika la Ulaya la astronomia linaloendesha darubini hiyo) iliyoandikwa kwa lugha ya C. Nayo inategemea maktaba nyingine tatu: CFITSIO (kusoma mafaili ya data za anga), WCSLIB (kupata mahali pa kitu angani) na FFTW (hesabu za Fourier). Andika toleo la kila moja. Ukiacha kila mtu achukue lililo jipya, mtapata shida ambayo hakuna atakayejua imetoka wapi.

Mimi ningeweka vyote kwenye kontena la Apptainer, yaani kifurushi chenye programu na kila inachotegemea: ni faili moja, mnagawana kwa flashi bila kumaliza bando, na mwanafunzi hahitaji nywila ya msimamizi kuliendesha. Mafaili ya kalibresheni (ya kusahihisha vipimo vya kifaa) yakae nje, ni mazito mno. Kisha jaribu `esorex --recipes`, amri ya ESO inayoorodhesha hatua za uchakataji zilizopo. Orodha ikitokea, mko salama.

Ila RAM, hapo ndipo pagumu. MUSE ina spektrografu 24, kwa hiyo kwenye laptopu ndogo tumia `--nifu=1` kuchakata ya kwanza peke yake, kisha 2, hivyo hivyo. Ukiweka -1 zote 24 zinakwenda pamoja na mashine inaganda.